Seli za Afrika Mashariki zilifundisha dunia kusoma saratani ya damu. Hospitali zetu nazo zisome

*Vipokezi vilivyo juu ya seli za lukemia na limfoma vimezaa dawa mpya Japani, Marekani na Ulaya. Vimewahi pia kuvunja matumaini. Makala haya yanaeleza jinsi vinavyofanya kazi, wapi vilikwamisha watafiti, na kwa nini maabara za Afrika Mashariki haziwezi kuendelea kuvipita bila kuviangalia.*

Katikati ya miaka ya 1970, madaktari wa Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani walianza kupokea watu wazima wenye saratani ya damu ambayo haikufanana na waliyoizoea. Matezi yalikuwa yamevimba, ini na wengu vimekua, ngozi imejaa vipele na vidonda. Kwa baadhi yao kalsiamu ilikuwa imepanda kwenye damu hadi mgonjwa anachanganyikiwa. Ugonjwa ulikwenda kasi, na dawa za wakati huo hazikuuweza.

Chini ya hadubini, seli nyeupe za wagonjwa hao zilikuwa na kiini kilichokatika vipande vilivyojipanga kama petali. Mwaka 1977, Takashi Uchiyama, Kiyoshi Takatsuki na wenzao walichapisha taarifa ya wagonjwa 16. Kati yao, 13 walikuwa wamezaliwa Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini-magharibi mwa nchi hiyo.

Takwimu hiyo ya mahali pa kuzaliwa iliwafanya watafiti waanze kutafuta kirusi. Lakini kulikuwa na swali la pili, ambalo majibu yake yalichukua miaka mingine na kubadili tiba ya saratani: seli hizi zinapata wapi amri ya kuongezeka bila kukoma?

Amri ya kukua

Katika mwili wenye afya, seli nyeupe haijiamulii kuzaliana. Inasubiri kuambiwa. Ujumbe huo hubebwa na protini ndogo ziitwazo saitokini, ambazo seli moja huzitoa na nyingine huzipokea.

Ili ipokee, seli lazima iwe na kipokezi. Hiki ni protini iliyopenya utando wa seli: upande wa nje hunasa saitokini, upande wa ndani hupeleka taarifa hadi kwenye jeni. Seli isiyo na kipokezi cha saitokini fulani haiguswi nayo, hata ikiogelea ndani yake.

Mfano uliochunguzwa sana ni intaleukini-2, iliyoelezwa mwaka 1976 na watafiti wa maabara ya Robert Gallo huko Bethesda, Marekani. Kazi yake kubwa ni kuziambia seli T, askari wa kinga ya mwili, ziongezeke. Kipokezi chake kina sehemu tatu: alfa, beta na gama. Alfa ikiwa peke yake hushika intaleukini-2 kwa ulegevu. Zote tatu zikikutana, mshiko huwa na nguvu takriban mara elfu moja zaidi.

Sehemu hiyo ya alfa ndiyo maabara huiita CD25. Seli T nyingi zilizotulia hazina CD25 ya kuhesabika. Maambukizi yakiingia huipandisha juu ya utando, zinaongezeka, zinapambana, kisha zinaishusha.

Seli za wagonjwa wa Kyushu hazikuishusha. Kila moja ilibeba zaidi ya vipokezi 10,000 vya CD25, siku zote, pawe na maambukizi au pasiwepo.

Kirusi na kingamwili

Sababu ilijulikana hatua kwa hatua. Mwaka 1980 maabara ya Gallo ilitangaza kirusi kilichoitwa HTLV-1, na muda mfupi baadaye watafiti wa Japani wakakihusisha na saratani ya Kyushu. Kirusi hicho hutengeneza protini iitwayo Tax, na Tax huwasha jeni ya CD25. Swichi ambayo seli yenyewe ingeizima hubaki imewashwa.

HTLV-1 hupita kwa maziwa ya mama, kujamiiana na damu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2012 yalitaja watu wasiopungua milioni 5 hadi 10 wanaoishi nacho. Wengi wao hawapati saratani kamwe. Japani ilianza kupima damu za wachangiaji mwaka 1986. Kirusi hicho kipo pia karibu nasi: Shelisheli na baadhi ya maeneo ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana kuwa nacho.

Uchiyama alikwenda Bethesda kufanya kazi na Thomas Waldmann katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Mwaka 1981 walitangaza kingamwili waliyoitengeneza, iliyopewa jina anti-Tac, ambayo iling'ang'ania seli T zilizoamshwa na kuziacha zilizotulia. Mwaka uliofuata ikathibitika kwamba ilikuwa inashika kipokezi cha intaleukini-2.

Waldmann aliona nafasi mara moja. Ikiwa seli ya saratani imejitandaza CD25 na seli nyingi za kawaida hazina, basi kipokezi hicho ni shabaha. Mwaka 1993 kundi lake lilichapisha matokeo ya wagonjwa 19 waliopewa anti-Tac. Saba kati yao walipata nafuu ya kiwango fulani, na kwa wawili kati ya hao saba dalili zote za ugonjwa zilitoweka.

> Seli yenye afya hupandisha kipokezi, hufanya kazi yake, kisha hukishusha. Seli ya saratani hukiacha juu, na hapo ndipo inapojifichua.

Kingamwili hiyo iliporekebishwa ifanane na ya binadamu iliitwa daclizumab. Mwaka 1997 iliidhinishwa Marekani, lakini kwa kazi nyingine: kuzuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa. Kipokezi kilichosomwa kwenye lukemia kikawaokoa wagonjwa wa figo.

Sumu ya dondakoo yapewa kazi

Mwanzoni mwa karne ya 20, dondakoo ilikuwa ikiua watoto kwa wingi kwa sababu bakteria wake hutoa sumu inayozima utengenezaji wa protini ndani ya seli. Majaribio ya Japani mwaka 1978 yalionyesha kwamba molekuli moja tu ya kipande kikali cha sumu hiyo, ikiingia ndani, yatosha kuiua seli.

Wanasayansi wa Marekani waliikata sehemu ambayo sumu huitumia kushika seli, wakaweka intaleukini-2 mahali pake. Seli yenye kipokezi hudhani imepokea amri ya kukua, huivuta ndani, na kufa. Dawa hiyo, denileukin diftitox, iliidhinishwa mwaka 1999 kwa limfoma ya seli T inayoanzia kwenye ngozi, kwa wagonjwa ambao seli zao zilikuwa na CD25.

Njia hiyohiyo ilihamishiwa kwenye kipokezi cha intaleukini-3, ambacho sehemu yake ya alfa huitwa CD123. Kuna saratani adimu ya damu, inayoanza mara nyingi kama madoa ya zambarau kwenye ngozi, ambayo seli zake karibu zote hubeba CD123 kwa wingi. Kabla ya Desemba 2018 haikuwa na dawa yoyote iliyoidhinishwa mahsusi kwa ajili yake. Mwezi huo Marekani iliidhinisha tagraxofusp, ambayo ni intaleukini-3 iliyounganishwa na sumu ya dondakoo.

Dawa hizi hazina huruma kwa wodi isiyojiandaa. Zote mbili zinaweza kufanya mishipa midogo ivujishe maji: mgonjwa anavimba, albumini inashuka, shinikizo la damu linaanguka. Kwa tagraxofusp, daktari hatakiwi kuanza dozi ya kwanza kama albumini iko chini ya gramu 3.2 kwa desilita. Tena, mtu aliyechanjwa dondakoo utotoni anaweza kuwa na kingamwili zinazoidaka sumu hiyo kabla haijafika kwenye seli.

Denileukin diftitox yenyewe iliondoka sokoni Marekani mwaka 2014 kwa matatizo ya utengenezaji. Iliidhinishwa tena huko Agosti 2024 ikiwa imetengenezwa upya. Kwa miaka kumi, wagonjwa wa huko ambao seli zao zilikuwa na shabaha inayojulikana hawakuwa na dawa iliyoidhinishwa ya kuilenga.

Kuwepo kwa kipokezi na kukitegemea

Hapa ndipo wataalamu wanapovutana.

Upande mmoja unasema: hesabu vipokezi, vikiwa vingi, lenga. Mwaka 2000 utafiti ulionyesha kwamba seli mama za lukemia kali ya mieloidi, zile zinazorudisha ugonjwa baada ya tiba, hubeba CD123 nyingi kuliko seli mama za kawaida za damu. Ilionekana kana kwamba mzizi wa ugonjwa umepatikana.

Upande wa pili unauliza: je, seli inakitegemea kipokezi hicho ili iishi? Talacotuzumab, kingamwili iliyotengenezwa kuilenga CD123, ilijaribiwa kwa wazee wenye lukemia hiyo pamoja na dawa ya decitabine. Haikuwapa faida iliyozidi decitabine peke yake. Kipokezi kilikuwepo, kingamwili ilikishika, na ugonjwa ukaendelea.

Saratani ya Kyushu inafundisha jambo hilohilo. Katika hatua za mwanzo seli zake husikiliza intaleukini-2. Zikishakomaa kwa ukali, nyingi hukua bila hata kuisubiri, ingawa CD25 bado imejaa juu yake. Kuziba kipokezi hapo hakusaidii. Kukitumia kupitishia sumu bado kunawezekana.

Kwa hiyo mtaalamu anayesoma majibu ya maabara ana maswali matatu. Kipokezi kipo? Kiko kwa wingi gani kuliko kwenye seli za kawaida? Na seli inakitumia kwa kazi gani? Anayejibu la kwanza peke yake anaweza kumpa mgonjwa sumu isiyo na faida.

Kwa watoto, jibu la swali la tatu huwa na uzito wa pekee. Mwaka 2009 watafiti walieleza kwamba katika baadhi ya lukemia kali za limfoidi, jeni ya kipokezi kiitwacho CRLF2 hubadilishiwa mahali na kuanza kufanya kazi kupita kiasi. Hutokea kwa takriban nusu ya watoto wenye ugonjwa wa Down wanaopata lukemia hiyo. Mara nyingi huambatana na hitilafu kwenye protini za ndani zinazobeba amri, hasa JAK2. Hapo kipokezi kinaonyesha mnyororo mzima wa ujumbe ambao dawa inaweza kuukata.

> Kipokezi kilikuwepo, kingamwili ilikishika, na ugonjwa ukaendelea.

Kampala, Nairobi, Stockholm

Msomaji anaweza kudhani habari hii ni ya Kyoto na Bethesda. Sehemu yake ilianzia kwetu.

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliwaona watoto wenye uvimbe wa taya katika hospitali ya Mulago, Kampala. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1958. Sampuli kutoka Uganda zilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli hizo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Seli nyingine za uvimbe huo, uitwao leo limfoma ya Burkitt, zilitoka Kenya kwenda Stockholm katika miaka ya 1960. Moja ya koo zilizokuzwa huko, iitwayo Daudi, bado inaishi kwenye majokofu ya maabara duniani kote. Seli za Daudi huacha kuongezeka zikiguswa na intaferoni kidogo tu, kwa hiyo zimekuwa kipimo cha kupimia nguvu ya intaferoni, nayo ni saitokini. Ukoo mwingine wa seli za Burkitt za Afrika Mashariki, Namalwa, ulikuzwa kwa wingi viwandani Uingereza ili kutengeneza intaferoni ya kutibia.

Mwaka 1992 wanasayansi wa Ujerumani walipata kipokezi kipya ndani ya seli za limfoma ya Burkitt. Leo kinaitwa CXCR5, na kinajulikana kama kinachoziongoza seli B kwenda kwenye makazi yake ndani ya matezi. Kilipogunduliwa, saitokini inayokishika ilikuwa haijajulikana.

Elimu ya vipokezi, basi, imejengwa kwa sehemu na miili ya watoto wa Kampala na Nairobi. Mtoto anayeingia leo katika hospitali ya mkoa akiwa na matezi yaliyovimba ana haki ya kunufaika nayo.

Ndani ya mashine

Kusoma vipokezi si kazi ya kimiujiza. Damu au uboho hutiwa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau ili isigande. Mtaalamu huchanganya tone lake na kingamwili, kila moja ikiwa imepakwa rangi inayong'aa: moja ya CD25, moja ya CD123, nyingine ya CD3 au CD19, alama za seli T na seli B. Huongeza dawa inayopasua seli nyekundu. Dakika chache baadaye hubaki seli nyeupe zilizovaa rangi.

Mashine huzivuta kwenye mrija mwembamba na kuzipitisha mojamoja mbele ya miale ya leza. Kila seli inayong'aa inakuwa nukta kwenye skrini. Nukta zikiendelea kumiminika, makundi yanajitenga: seli T huku, seli B kule, na wakati mwingine wingu zito mahali ambapo pasingepaswa kuwa na kitu. Wingu hilo ndilo ugonjwa.

Afrika Mashariki inaifahamu teknolojia hii. Ni ileile iliyotumika kuhesabu CD4 kwa watu wanaoishi na VVU. Mashine zilifungwa, mafundi wakafunzwa, mifumo ya kusafirisha sampuli ikajengwa. Tangu mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani liliposhauri kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri CD4, kazi ya mashine hizo imepungua.

Si zote zinazoweza kubadilishiwa kazi. Zile ndogo zilizoundwa kwa CD4 pekee haziwezi kusoma lukemia. Zile kubwa, zenye kusoma rangi nne au zaidi, zinaweza, mradi kingamwili zipatikane na awepo mtu aliyefunzwa kutafsiri mawingu hayo. Sampuli nayo haingoji: seli zinaanza kuharibika baada ya siku moja au mbili.

Pande mbili za bajeti

Wapo madaktari na wapangaji wa afya wanaosema vipokezi visubiri. Hoja yao ina uzito. Wagonjwa wanachelewa kufika, na wapo wenye limfoma wanaomeza dawa za kifua kikuu kwa miezi kwa sababu matezi ya magonjwa hayo mawili yanafanana. Chembe sahani za kuongezewa hazitoshi. Familia zinaacha tiba njiani kwa kukosa nauli. Tagraxofusp na denileukin diftitox hazimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kuna faida gani, wanauliza, kumwambia mzazi kwamba mwanawe ana kipokezi ambacho dawa yake haiuzwi nchini?

Wanaongeza tahadhari ya kitaalamu. CD25 hukatika na kuelea kwenye damu, na Japani kiwango chake hutumika kufuatilia limfoma kwa kipimo rahisi. Lakini hupanda pia kwa kifua kikuu, malaria na VVU. Kipimo kinachofaa Kyushu kinaweza kupotosha Kisumu au Mwanza.

Upande wa pili unajibu kwamba kusoma uso wa seli kunabadilisha matibabu hata kwa dawa zilizopo. Lukemia ya seli T na ile ya seli B kwa mtoto hazitibiwi kwa namna moja. Lukemia ya promielositi inaua haraka kwa kuvuja damu, lakini hutibika vizuri mgonjwa akipewa mapema dawa ya ATRA, ambayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu. Lukemia ya seli zenye nywele hutambuliwa kwa CD25 na CD123 zikionekana pamoja na alama nyingine mbili, na mara nyingi mzunguko mmoja wa dawa ya cladribine huituliza kwa miaka. Bila kusoma, daktari anakisia, na mgonjwa ndiye anayelipia kosa la kukisia.

> Kusoma uso wa seli kunabadilisha matibabu hata kwa dawa zilizopo.

Mfano tunao

Suala la dawa ghali nalo limewahi kupatiwa njia. Imatinib, kidonge kilichogeuza lukemia sugu ya mieloidi kuwa ugonjwa wa kuishi nao, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Mwaka 2002 kampuni ya Novartis na taasisi ya The Max Foundation zilianzisha mpango wa kuitoa bure katika nchi za kipato cha chini, na wagonjwa wa Kenya na Tanzania wamefaidika nao. Sharti mojawapo lilikuwa hili: mgonjwa athibitishwe kwa kipimo kwamba ana hitilafu ya jeni iitwayo BCR-ABL.

Kipimo ndicho kilichofungua mlango wa dawa. Na leo BCR-ABL inaweza kupimwa kwa katriji maalumu kwenye mashine ya GeneXpert, ileile iliyoenezwa kwa ajili ya kifua kikuu. Mashine ya TB imeitumikia saratani. Mashine ya CD4 inaweza kufanya hivyo pia.

Nchi isiyoweza kuonyesha ni wagonjwa wangapi wenye CD25 au CD123 haina cha kuweka mezani inapozungumza na mtengenezaji wa dawa. Haiwezi kuomba kushiriki katika majaribio. Sampuli za watu wake zitaendelea kusafiri kwenda kusomwa kwingine, kama zilivyosafiri miaka ya 1960, na majibu yatarudi yakiwa yamechelewa au yasirudi kabisa.

Hatua ya kwanza inafahamika: kila hospitali ya rufaa inayotibu saratani ya damu iwe na mahali pa kupeleka sampuli isomwe ndani ya saa 48, kingamwili za msingi ziwemo kwenye manunuzi ya kawaida ya maabara, na wataalamu wa kutafsiri majibu wafunzwe na kubakizwa kazini kwa mshahara unaowafaa. Pale sampuli inapotoka nje ya nchi kwa utafiti, makubaliano yaandikwe, na majibu yarudi kwa mgonjwa aliyeitoa.

Haya hayaondoi haja ya damu salama, morfini, nauli na dawa za kawaida. Yanakwenda pamoja nayo, kwa sababu dawa ya kawaida ikipewa ugonjwa usio wake ni hasara kwa hospitali na hatari kwa mgonjwa. Wizara za afya zinapopanga fedha za maabara, kifungu cha utambuzi wa lukemia na limfoma kiandikwe kwa jina lake, kiwe na kiasi chake, na wabunge waulize mwisho wa mwaka ni sampuli ngapi zilizosomwa.